Deki Ipi Kali? Maswali ya Wachezaji wa Pauper, Tanga

Barua za awamu hii zimetoka Tanga mjini na Muheza, na karibu zote zinahusu Magic: The Gathering kwa mtindo wa Pauper, ule unaoruhusu tu kadi zilizowahi kuchapishwa katika daraja la kawaida (common). Kwa anayeanza: deki ina kadi 60 au zaidi, akiba (kadi za pembeni za kubadilishia baada ya gemu ya kwanza) haizidi kadi 15, kadi moja haizidi nakala 4 isipokuwa ardhi za msingi (ardhi hutoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine), kila mchezaji anaanza na uhai 20, na anayetangulia kushinda gemu mbili ndiye mshindi wa mechi. Majina ya kadi tumeyaacha yalivyochapwa. Tukisema "kadi ya papo" ni ile inayochezwa wakati wowote, hata katika zamu ya mwenzako. "Kadi ya zamu" huchezwa katika zamu yako tu, meza ikiwa imetulia.

Assalaam aleikum. Mimi na binamu yangu tunabishana tangu Ramadhani iishe. Yeye ana deki nyekundu ya kuchoma, ya kumpunguzia mpinzani uhai moja kwa moja kwa kadi; mimi nina ya bluu yenye Tolarian Terror, kiumbe anayeshuka gharama kadiri kadi za papo na za zamu zinavyojaa kaburini (rundo la kadi zilizokwisha kutumika). Tumecheza gemu 10, kanifunga 7. Sasa anaitangazia Ngamiani nzima kwamba bluu haiwezi nyekundu. Gemu 10 zinatosha kumaliza ubishi? (A. H., Ngamiani)

Waaleikum salaam. Hazitoshi. Chukua deki mbili zenye nguvu sawa kabisa, kila moja ina nusu kwa nusu ya kushinda gemu. Matokeo ya gemu 10 yanaweza kupangika kwa njia 1,024, na katika njia 176 deki nyekundu inashinda 7 au zaidi. Hiyo ni asilimia 17, karibu mara moja katika kila sita. Ukiongeza na uwezekano wa bluu kushinda 7 au zaidi, unafika asilimia 34. Kwa hiyo 7 kwa 3 hutokea hata pale pasipo tofauti yoyote. Mkicheza 20 na nyekundu ikashinda 14 au zaidi, bahati tupu ingeleta hali hiyo chini ya mara 6 katika 100. Hapo hoja ya binamu yako inaanza kusimama.

Swali kubwa zaidi ni mlicheza gemu za aina gani. Wengi wanaobishana mezani huhesabu gemu za kwanza tu, zile zisizo na akiba. Lakini kwenye mechi gemu ya kwanza ni moja tu, na zinazofuata, iwe moja au mbili, zote huchezwa baada ya akiba kuingia. Tuseme, kwa mfano, nyekundu inashinda asilimia 65 ya gemu za kwanza, na bluu ikishaingiza akiba nyekundu inabaki na asilimia 45. Nyekundu ina njia mbili za kuchukua mechi. Ya kwanza ni kushinda gemu ya kwanza kisha kupata walau moja kati ya mbili zinazofuata: 0.65 × (1 − 0.55 × 0.55), yaani 0.453. Ya pili ni kupoteza ya kwanza kisha kuzoa mbili mfululizo: 0.35 × 0.45 × 0.45, yaani 0.071. Jumla ni 0.524. Deki iliyoonekana inaonea kwa 65 imebaki na 52 kwenye mechi nzima. Hesabu hii irudie kwa namba zenu wenyewe kila mnapobishana.

Kwa hiyo chezeni upya, na safari hii muwe na daftari. Kila gemu iandikwe nani alianza, akiba ilikuwa ndani au nje, na kila mmoja alibaki na kadi ngapi baada ya kurudisha mkono mbaya wa kuanzia. Anayeanza havuti kadi zamu yake ya kwanza, lakini dhidi ya deki ya kuchoma kutangulia kuna thamani kubwa, kwa hiyo pokezaneni sawasawa. Gemu 10 bila akiba, 20 zenye akiba. Katikati badilishaneni deki, wewe ushike nyekundu na yeye bluu. Bila kubadilishana hamtajua kinachoshinda ni deki au ni mchezaji.

Nina deki ya bluu ya Terror na hapa Chumbageni kila wa pili anacheza nyekundu. Niweke Hydroblast ngapi kwenye akiba, na nitoe nini? (J. M., Chumbageni)

Ukiwa na wekundu wengi kiasi hicho, weka 8: Hydroblast 4 na Blue Elemental Blast 4, zote za kuzuia au kuharibu kadi nyekundu. Ukiweka nakala 4 pekee, uwezekano wa kuwa na walau moja katika mkono wa kwanza wa kadi 7 ni asilimia 40. Hata ukifika zamu ya tatu ukiwa ndiye ulianza, yaani umeshaona kadi 9, ni asilimia 48.7. Nakala 6 zinakupa asilimia 54 kwenye mkono wa kwanza, na nakala 8 zinakupa 65. Deki yako inavuta kadi nyingi za ziada, kwa hiyo kwa vitendo utaziona mapema kuliko namba hizi zinavyosema. Sisi tungepunguza hadi 6 pale tu ambapo wekundu hawafiki robo ya meza.

Cha kutoa: anza na Deem Inferior. Dhidi ya deki ya kuchoma yenye viumbe vichache inakaa mkononi haina kazi. Kisha Dispel, kama unayo kwenye deki kuu. Inazuia kadi za papo tu, na Lava Spike, Chain Lightning, Rift Bolt na Skewer the Critics zote ni kadi za zamu. Zitakupita ukiangalia. Counterspell usiiguse.

Sasa uchezaji, maana hapa ndipo mechi hii inapopotea. Kadi ya kuchoma 3 katika zamu ya kwanza na ya kuchoma 3 katika zamu ya sita zinatoa uhai uleule. Hakuna faida ya kuzuia "ile kubwa" ukiwa na uhai 8 kuliko kuzuia ndogo ukiwa na 20. Faida iko kwenye mana: zuia zamu ambayo mana yako ingelala bure, usizuie zamu ambayo ungeweza kumshusha Terror. Nyekundu inahitaji kadi 7 za kuchoma 3 ili kumaliza 20. Wewe ukizuia tatu na ukawa na kiumbe chako kinachoshambulia mezani, yeye anatakiwa kuvuta kadi kumi, na muda huo hana. Terror mmoja wa 5/5 (nguvu 5, uimara 5) anamaliza kazi kwa mashambulizi manne. Terror na Cryptic Serpent wa 6/5 pamoja wanatoa 11 kwa shambulio, wanamaliza kwa mawili. Lengo ni mmoja wao awe chini kufikia zamu ya nne, na bado una kisiwa kimoja (ardhi ya bluu) kimesimama, hakijatumika, kwa ajili ya Hydroblast.

Kuna kadi tatu ambazo kanuni hiyo inabadilika kidogo. Skewer the Critics inagharimu mana 1 ikiwa umepoteza uhai zamu hiyo. Usipopoteza, ni mana 3. Kwa hiyo akiwa na ardhi mbili na akaanza na Lava Spike, ukiizuia Spike umeizuia na Skewer iliyo mkononi mwake. Needle Drop nayo inataka shabaha iliyokwisha kuumia zamu hiyo, hivyo hesabu ni ileile. Ya tatu ni Fireblast. Anaweza kuicheza kwa kutoa kafara milima miwili (ardhi nyekundu) badala ya kulipa mana, na kafara hiyo ni malipo, hutolewa kabla hujajibu. Ukiizuia kwa Hydroblast umetumia mana 1, yeye amepoteza kadi na ardhi mbili. Ukiona ameanza kulaza (kutumia) milima yake yote bila sababu ya wazi, jiulize kama Fireblast iko njiani, na kisiwa chako cha mwisho usikilaze.

Thermo-Alchemist, kiumbe chao chekundu, asikutie hofu akishuka. Hydroblast inaweza kuzuia kadi nyekundu au kuharibu kadi nyekundu iliyo mezani, kwa hiyo anaweza kusubiri zamu moja wakati unajenga kaburi lako.

Kosa moja tunaloliona sana kwa wenye deki hii ni kucheza Brainstorm zamu ya kwanza. Brainstorm inakuvutisha kadi tatu na kukurudishia mbili juu ya rundo. Huna cha kuzichanganya, basi zamu mbili zinazofuata unavuta uchafu wako mwenyewe. Isubirishe hadi uwe na mana 2 na Mental Note au Thought Scour. Cheza Brainstorm, rudisha zile mbili usizozitaka, kisha zitupe kaburini na uvute kadi mpya. Umejisafishia mkono, na gharama ya Terror imeshuka kwa mana 4: kadi mbili ulizocheza na mbili zilizotupwa, kama hizo mbili si ardhi wala viumbe.

Mimi niko upande wa pili, nachoma. Terror akishuka nahisi mchezo umekwisha. Nina Pyroblast 4 na Relic of Progenitus 3 kwenye akiba lakini hazinisaidii. Shida nini? (S. K., Makorora)

Shida ni wakati wa kuzitumia. Terror ana kinga inayomlazimisha mpinzani alipe mana 2 zaidi kila anapomlenga, lakini kinga hiyo inafanya kazi akiwa mezani tu. Akiwa bado anachezwa, hajatua, Pyroblast inamzuia kwa mana 1. Akishatua, Pyroblast hiyohiyo inakuwa mana 3. Kwa hiyo kuanzia pale kaburi lake linapofika kadi nne za papo na za zamu, mlima mmoja uwe umesimama kila unapomaliza zamu yako. Cryptic Serpent hana kinga hiyo, unaweza kumharibu kwa mana 1 hata akiwa mezani, kwa hiyo Pyroblast yako ikiwa moja mkononi ihifadhi kwa Terror.

Relic, kifaa cha kufuta kaburi, wengi huitumia kwa kujibu Terror anapochezwa. Hapo umechelewa, gharama ilishahesabiwa na kulipwa, na kulifuta kaburi hakumrudishi mkononi. Ifungue mapema: mwisho wa zamu yako, au mwanzo wa zamu yake kabla hajavuta. Na usiifungue kaburi likiwa na kadi mbili. Subiri zifike tano au sita, maana Relic moja hulifuta kaburi lote mara moja kisha anaanza kujaza upya. Wakati unasubiri, ilaze kila zamu ili atoe kadi moja moja kutoka kaburini kwake. Anachagua yeye, lakini kaburi likiwa na kadi moja hana pa kuchagua.

Searing Blaze zitoe zote kama anacheza Terror na Serpent bila Delver of Secrets, kiumbe kidogo cha bluu. Zinahitaji kiumbe cha kulenga, na majeraha 3 hayamuui mwenye 5. Akiwa na Delver of Secrets 4, bakiza mbili.

Tungekushauri pia upunguze Pyroblast hadi 3. Kila Pyroblast inayoingia inatoa kadi ya kuchoma 3, na deki yako inaishi kwa kufikisha kadi saba. Ukiingiza kadi saba za akiba umejigeuza deki ya kuzuia isiyo na nguvu ya kuzuia.

Rift Bolt ina ujanja wake. Ukiisubirisha kwa mana 1, inachezwa mwanzo wa zamu yako inayofuata, na bluu anaweza kuizuia hapo tu. Yaani amepewa zamu nzima ya kuamua: alaze visiwa kwa ajili ya Terror na Rift Bolt ipite, au abaki na visiwa na Terror asubiri. Ichezee hasa zamu ambayo unajua anataka kutumia mana yake yote.

Toleo lililopita mliandika kwamba Elves, deki ya viumbe wa aina ya Elf, si deki ya kuchukua kwenye mashindano ya Tanga. Nakataa. Mimi nawafunga watu wa bluu kila wiki, na Priest of Titania akikaa zamu moja tu naweza kumwaga mkono wote. Mnapima vipi? (R. B., Muheza)

Tuliandika kwamba Elves ni chaguo baya penye meza nyingi za nyekundu na Affinity (deki ya vifaa, yaani kadi za artifact), na msimamo huo hatuubadilishi. Ushindi wako dhidi ya bluu haupingani nao. Bluu inazuia kadi moja kwa moja, na deki inayoshusha Elf watatu kwa zamu inamwishia mkononi. Priest anatoa mana moja kwa kila Elf aliye mezani, hata wa mpinzani. Ukiwa na Elf wanne amekwisha kukulipa mana 4, na hapo Lys Alana Huntmaster anayegharimu mana 4 anashuka, kisha kila Elf unayemcheza baada yake anaweza kukuzalia mwingine.

Udhaifu wenyewe uko kwenye ile nambari ya pili, ya uimara. Priest ni 1/1, Quirion Ranger 1/1, Llanowar Elves 1/1, Wellwisher 1/1. Electrickery kwa mana 3 inampa kila kiumbe chako jeraha 1 bila kugusa cha mwenye kadi. Ni kadi ya papo, anaweza kuicheza mwisho wa zamu yako ukiwa umeshamwaga kila kitu. Krark-Clan Shaman wa Affinity ni mbaya zaidi: kila kifaa anachotoa kafara kinampiga kila kiumbe kisichoruka jeraha 1. Shaman mwenyewe hufa na pigo la kwanza, lakini mwenye ujuzi anatoa kafara tatu mfululizo kabla la kwanza halijatimia. Hata Huntmaster wa 3/3 anakwenda.

Ukitaka kuicheza hata hivyo, na ina utamu wake, kuna mambo ya kushika. Mpinzani mwekundu akifika ardhi 3, usiwe na mezani zaidi ya unachohitaji kushinda katika zamu mbili. Bakiza Elf wawili na Winding Way mkononi. Kadi hiyo inafunua kadi nne za juu na kukupa viumbe vyote, na katika deki yenye viumbe zaidi ya 30 kwa kawaida inatoa viwili au vitatu. Timberwatch Elf ana uimara 2, anavuka Electrickery, kwa hiyo dhidi ya nyekundu mtangulize yeye kabla ya Priest wa pili. Kwenye akiba weka Weather the Storm 4 dhidi ya wachomaji. Icheze katika zamu yao, baada ya wao kucheza kadi mbili. Unapata uhai 3 kwa kadi yenyewe na 3 kwa kila kadi iliyotangulia, jumla 9 kwa mana 2. Kadi tatu za kuchoma zimefutika.

Andika mechi zako dhidi ya nyekundu peke yake kwenye ukurasa wake. Ukipata zaidi ya nusu baada ya mechi 20, tuletee daftari, tutalichapisha.

Tunaandaa mashindano ya watu 12 hapa Raskazone. Nina deki mbili na siwezi kuamua. Nichague vipi? (T. O., Raskazone)

Kwa watu 12 cheza raundi 4 za mfumo wa Uswisi (wenye pointi zinazokaribiana hukutana, hakuna anayetolewa), dakika 50 kila raundi, pointi 3 kwa ushindi na 1 kwa sare. Kuchagua deki, anza na orodha ya wapinzani 11 na deki wanazopenda. Tuchukue mfano: nyekundu 4, bluu 3, Elves 2, Affinity 2.

Deki yako A, kwa daftari lako, inashinda mechi asilimia 40 dhidi ya nyekundu, 60 dhidi ya bluu, 50 dhidi ya Elves, 55 dhidi ya Affinity. Deki B ni 60, 45, 55, 45 kwa mpangilio huohuo. Zidisha kila asilimia kwa idadi ya wachezaji, jumlisha, gawanya kwa 11. A inapata 550 kwa 11, yaani 50. B inapata 575 kwa 11, yaani 52.3. Chukua B.

Sasa wekundu wawili wabadilike usiku wa kuamkia mashindano na kuja na bluu. Nyekundu ni 2, bluu 5. A inapanda hadi 53.6 na B inashuka hadi 49.5. Hakuna kadi hata moja iliyobadilika ndani ya deki zako, na jibu limegeuka. Ndiyo maana tunawasihi wasomaji waache kuuliza deki ipi kali bila kutaja meza gani. Tafuta habari za nani kaazima kadi za nani wiki ile. Zina thamani kuliko kubadilisha kadi mbili kwenye akiba.

Kumbuka utakutana na watu 4 tu kati ya hao 11, kwa hiyo tofauti ya asilimia mbili ni ndogo. Deki zikikaribiana hivyo, chukua ile uliyoichezea zaidi. Na kama moja ni ya polepole, dakika 50 zikiisha mnapewa zamu 5 za nyongeza tu, kisha gemu isiyomalizika huhesabiwa sare. Sare mbili zinakunyima pointi 4.

Ardhi 17 au 20 kwenye deki nyekundu? Kila mtu ana jibu lake. (F. N., Duga)

Hizi hapa namba za kupata mkono wa kwanza wenye ardhi 0 au 1: ukiwa na ardhi 17 kati ya 60 ni asilimia 35, ukiwa na 18 ni 31, ukiwa na 20 ni 25. Deki ya kuchoma inaweza kuanza na ardhi moja mara nyingine, kama wewe ni wa pili kucheza na mkono umejaa kadi za mana 1. Deki yenye kadi za mana 4 haiwezi. Kwa kuchoma, tunasimama kwenye 18. Ukiweka 20 utapata mikono mizuri zaidi mwanzoni, lakini ifikapo zamu ya tano unavuta mlima pale ulipohitaji kadi ya saba ya kuchoma, na ardhi haichomi.

Habari zenu. Mwanangu wa miaka 15 anaomba hela za pakiti za kadi kila mwezi. Anasema bila pakiti hawezi kupata deki. Ni kweli? (Mama Z., Mabawa)

Shikamoo Mama. Si kweli kwa mtindo anaoucheza. Pakiti za sasa, zinazouzwa tangu 2024, zina kadi 14 za kuchezea, na nafasi zilizotengwa kwa daraja la kawaida ni 6 au 7, tena za bahati nasibu. Pauper inatumia zile za kawaida peke yake. Anachotakiwa ni kukuletea orodha ya kadi 60 na 15 za akiba, kisha anunue kadi moja moja kwa majina, au abadilishane na wenzake. Wakati anakusanya, anaweza kuandika jina la kadi kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kava juu ya kadi yoyote kwa mazoezi ya nyumbani. Kwenye mashindano rasmi karatasi hizo hazikubaliki.

Kadi zangu za foili zimejikunja zote tangu masika ianze. Dawa yake? (H. A., Pongwe)

Karatasi ya kadi inanyonya unyevu na kutanuka, tabaka la foili halinyonyi, ndiyo maana kadi inapinda. Zitie kwenye kava la ndani la milimita 64 × 89, kisha kava la kawaida la 66 × 91, na ziweke kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vifuko viwili vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Uzito wa vitabu juu yake kwa siku chache husaidia. Lakini kwa mashindano tungeziacha foili kabisa. Kadi 4 zilizopinda katikati ya 56 zilizonyooka zinajulikana hata zikiwa zimelala kifudifudi. Hiyo ni deki yenye alama, na mwamuzi anaweza kukuadhibu hata kama hukukusudia.

Jamaa ana Slippery Bogle, namlenga kwa Lightning Bolt kanuni inakataa. Anafungwaje? (K. P., Nguvumali)

Kiumbe hicho hakilengeki na mpinzani. Usikilenge. Chainer's Edict inamlenga mchezaji, naye analazimika kutoa kafara kiumbe chake. Akiwa na Bogle peke yake, amekwisha. Icheze mapema kabla hajashusha cha pili. Ukiwa na deki isiyo nyeusi, shambulia kadi anazobandika: Ethereal Armor na Rancor hazina kinga ya Bogle na zinaweza kuharibiwa zikiwa mezani. Rancor humrudia mkononi ikiharibiwa, kwa hiyo anza na Armor.

Gorilla Shaman wangu alikuwa anamaliza ardhi za Affinity, siku hizi anaziangalia tu. (D. L., Kange)

Wamehamia kwenye ardhi zenye jina la Bridge, kama Drossforge Bridge, zilizotoka 2021, ambazo haziharibiki. Kuharibu hakuzigusi; inatakiwa kadi inayoondoa kabisa mchezoni. Kwa nyekundu weka Cast into the Fire, kwa nyeupe Dust to Dust, ambayo inaondoa vifaa viwili kwa mana 3. Gorilla Shaman bakiza mmoja kama mpinzani bado ana Great Furnace na wenzake.

Nimepata orodha ya deki nyekundu mtandaoni ina Monastery Swiftspear 4 na Kuldotha Rebirth 4. Nikanunue? (Y. S., Mikanjuni)

Usinunue. Swiftspear ilipigwa marufuku Desemba 2023, Kuldotha Rebirth Machi 2025. Orodha yoyote ya mtandaoni itazame tarehe kwanza, kisha ilinganishe na orodha rasmi ya marufuku wiki ya mashindano, maana hubadilika.

Badala yake jenga ya kuchoma: nakala 4 za kila moja ya Lightning Bolt, Chain Lightning, Lava Spike, Rift Bolt, Skewer the Critics, Fireblast, Needle Drop, Searing Blaze, Thermo-Alchemist na Keldon Marauders, pamoja na Mountain 18. Hizo ni 58. Nafasi mbili zilizobaki weka Ghitu Lavarunner, lakini wewe ukiwa na Relic kwenye akiba, siku inapoingia hao wawili watoke: Lavarunner anapata nguvu kwa kadi mbili zilizo kaburini kwako, na Relic ikifunguliwa inafuta makaburi yote mawili.